Mabakuli ya Miti Yetu: Jinsi ya Kuyakausha Yasipasuke

(Hotuba ya mafundi wa karakana ya ukerezaji, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)

Bwana Mwenyekiti, Mabwana na Mabibi wa Halmashauri, wajumbe wa vyama vya msingi, na ninyi wakulima wenzetu mlioshuka kutoka vihambani alfajiri ya leo:

Tumepewa nafasi ya kusema baada ya taarifa ya kahawa na taarifa ya mahesabu, na twajua kwamba mtu aliyekwisha kusikia bei ya kahawa hana hamu kubwa ya kusikia habari za mabakuli. Hata hivyo twaomba masikio yenu, kwa kuwa neno tulilo nalo si la ufundi peke yake. Ni neno la fedha za wanachama, na ndani yake mna deni ambalo sisi wa karakana twaona kwamba halijalipwa.

Mwajua jinsi kazi hii ilivyoanza. Huku kwetu Kilimanjaro mgrevilea ulipandwa kuwa kivuli cha kahawa. Ni mti wa ugenini, asili yake ni mashariki ya Australia, lakini umekaa nasi hata watoto wetu hudhani kwamba babu zao waliukuta hapa. Mti ukizeeka, au kivuli kikizidi, mwenye kihamba hutafuta kibali na kuukata. Shina lililo refu na nyofu hupasuliwa mbao. Vipande vifupi vilivyobaki viliishia jikoni. Ndipo Chama kilipoona kwamba kipande kifupi kisichotoa ubao chaweza kutoa mabakuli mawili matatu ya haja, na bakuli moja lililokerezwa vema lina bei kupita mzigo mzima wa kuni. Mashine mbili za kukereza zikanunuliwa, vijana wakachaguliwa, na vyama vya msingi vikaambiwa vilete magogo.

Magogo yakaja. Vijana wakakereza kwa bidii, nasi tukayapanga mabakuli mabichi juu ya rafu, karibu na bati, katika karakana yetu iliyo huku tambarare karibu na Moshi. Ulikuwa mwezi wa Januari, jua la kiangazi likiwaka na upepo mkavu ukipita madirishani. Tulifurahi tukidhani kwamba joto hilo ni msaada wa bure. Usiku wa tatu mlinzi alikuja kutuamsha, akasema amesikia milio ndani ya karakana kama ya kuni zinazopasuka motoni, na akadhani kuna moto. Hapakuwa na moto. Yalikuwa mabakuli. Kulipokucha tuliyahesabu, na zaidi ya nusu yalikuwa na nyufa kutoka mdomoni hadi karibu na kitako.

Sasa kanuni ya Chama wakati huo ilikuwa, na mpaka leo bado ni hivyo, kwamba mkulima hulipwa kwa bakuli zima lililouzwa. Bakuli lililopasuka halina malipo. Mzee mmoja wa chama cha msingi cha juu mlimani alikuwa ameleta mashina ya migrevilea mitatu, aliyoikata kwa ajili ya karo ya wajukuu. Alipokuja kuuliza malipo yake, karani alimwonyesha kanuni, kisha akamwonyesha mabakuli. Mzee alilichukua moja, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya ufa, akasema: "Wanangu, mti wangu ulikuwa mzima nilipouleta. Ufa huu umepatikana kwenu."

Hatukuwa na jibu. Miaka iliyofuata tumeitumia kulitafuta, na leo twataka kuwaeleza tulichojifunza, kisha tuseme jinsi tunavyoona kuhusu kanuni ile.

Ili kuuelewa ufa, kwanza hatuna budi kuyaelewa maji. Mti ni kama mganda wa mirija myembamba iliyofungwa pamoja, nayo imesimama kutoka mizizini kwenda matawini. Katika mti mbichi maji yamo mahali pawili. Mengine yamo ndani ya tundu za mirija, kama uji ndani ya kibuyu. Mengine yamenywewa na kuta za mirija zenyewe, kama kibuyu kilicholowa. Mti ukianza kukauka, maji ya tundu hutoka kwanza. Wakati huo mti hupungua uzito, lakini haupungui ukubwa hata kidogo. Yakiisha hayo ya tundu, ndipo kuta huanza kukauka, na kuta zikikauka mti hunywea. Wataalamu wa mbao wamepima wakaona kwamba mpaka huo, katika miti mingi, uko karibu na asilimia 30 ya maji, hesabu hiyo ikifanywa kwa uzito wa mti mkavu.

Basi kama mti wote ungefika asilimia 30 siku moja, ndani na nje, na kunywea pamoja, tusingekuwa na taabu kubwa. Lakini upepo na jua hula nje kwanza. Ngozi ya bakuli hukauka na kutaka kunywea, na huku ndani bado kumejaa maji, hakukubali kusogea. Nje yavuta, ndani yakataa. Mwisho nje hupasuka. Ndiyo maana ufa huja siku za kwanza, wakati bakuli lingali zito mkononi na mtu asiyejua husema bado ni bichi, haliwezi kudhurika.

Jambo hili si geni kwenu. Mwanikapo kahawa ya maganda juu ya meza, je, hamwifuniki jua la saa sita lisije likapasua maganda? Mama zetu walifanya hivyo kabla ya bwana shamba yeyote kueleza sababu. Sisi mafundi, watoto wa mama hao hao, tuliyaanika mabakuli chini ya bati la moto. Yastaajabisha jinsi mtu anavyoweza kuiacha akili yake nyumbani anapokwenda kufanya kazi ya mashine.

Sababu ya pili ya ufa imo katika umbo la mti. Mti hauniwei sawasawa pande zote. Kwa urefu, yaani kutoka mzizi kwenda juu, haunywei kwa kiasi cha kuonekana. Kutoka kiini kwenda kwenye gome, hunywea kiasi. Lakini kwa kuufuata mviringo wa miduara yake, hunywea karibu mara mbili ya hapo. Tuseme, kwa mfano wa miti mingi, asilimia 4 kuelekea gome na asilimia 8 kwa mviringo, mti ukaukapo kabisa. Chukueni gogo ambalo toka kiini mpaka gome ni sentimita 15. Mzunguko wake ni kama sentimita 94. Likikauka, ile 15 itakuwa 14 na sehemu 4, na duara la kipimo hicho lahitaji mzunguko wa sentimita 90 na nusu. Lakini mzunguko wenyewe umenywea zaidi, umebaki sentimita 86 na kitu. Pana upungufu wa zaidi ya sentimita 3 na nusu, nao lazima uonekane mahali. Huonekana kama ufa mmoja mpana, kutoka gome hadi kiini, mnaouona katika kila gogo lililolala uani.

Kwa hiyo bakuli lenye kiini cha mti ndani yake limekwisha kuhukumiwa kabla halijakauka. Gogo lapasuliwe katikati, kiini kikatwe na kuondolewa pamoja na sentimita 2 au 3 za kila upande wake, na kila nusu itoe bakuli lake. Twawaomba wapasuaji wa vijijini wasituletee vipande vya mviringo vilivyokatwa kama vipande vya muhogo. Vyapendeza machoni, lakini havifai.

Tena si kila gogo ni sawa. Tawi, au shina la mti ulioinama, lina nyuzi zilizovutwa upande wa juu ili kuubeba uzito. Bakuli lake hupindika vibaya hata likikaushwa kwa uangalifu wote. Twataka shina lililosimama. Na kwa kuwa maji hutoka upesi mno mahali nyuzi zilipokatwa, mara 10 au zaidi kuliko ubavuni, yafaa gogo liachwe refu, vichwa vyake vipakwe rangi ya mafuta iliyobaki au nta siku ile ile ya kukata, na lilazwe kivulini, lisiguse udongo. Mkulima aliyekata Jumatatu na kuacha gogo juani mpaka lori lipite Jumatatu ya pili, huyo ametuletea nyufa ndani ya gome. Tutarudi kwenye jambo hili tutakapofika kwenye malipo.

Likifika karakanani, bakuli hukerezwa mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ndipo kukausha kulipo. Mara ya kwanza twaliacha nene: unene wa ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya upana wa bakuli. Bakuli la sentimita 30 huachwa na ukuta wa sentimita 3. Kanuni hii ni ya mafundi wa nchi nyingi, na wanafunzi wetu walituuliza mara nyingi kwa nini iwe ya kumi, isiwe ya tano au ya ishirini. Jibu ni hili. Bakuli likikauka hadi asilimia 12 huwa limekwenda kama sehemu 6 katika 10 za safari yake ya kunywea. Kwa hiyo ile asilimia 8 ya mviringo huwa karibu asilimia 5, na upana wa sentimita 30 hupungua kama sentimita moja na nusu upande mmoja, lakini upande unaofuata urefu wa nyuzi haupungui. Bakuli huwa na umbo la yai. Ili kulirudisha katika duara lazima pawepo nyama ya kutosha ya kukereza, nusu ya upungufu huo kila ubavu, na bado ibaki ya bakuli lenyewe. Ukuta wa sentimita 3 watosha. Ukuta wa sentimita moja na nusu hautoshi. Na ukuta wa sentimita 6? Huo ni gogo jingine. Ndani yake maji yatakaa na kuvutana na nje mpaka upasuke.

Lililo kubwa kuliko unene ni usawa. Kitako kikiwa kinene na mdomo mwembamba, mdomo hukauka na kunywea huku kitako kingali kimelala usingizi. Fundi asiyependa kufika chini kwa chombo chake huacha donge la mti kitakoni, akatumaini kulitoa mara ya pili. Wengi hawaifikii hiyo mara ya pili.

Likitoka kwenye mashine, bakuli halilali usiku likiwa wazi. Kwanza hupimwa uzito. Kitakoni huandikwa kwa kalamu: aina ya mti, tarehe, chama cha msingi, na namba ya mwenye gogo. Kisha pande mbili zile ambapo nyuzi zimekatwa, ndani na nje, pamoja na mdomo, hupakwa nta. Twatumia nta ya mishumaa iliyochanganywa na nta ya nyuki kutoka kwa wanachama wetu wafugaji, na huyeyushwa ndani ya sufuria iliyowekwa katika maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Mabavu hatuyapaki. Maji yaachiwe mlango wao, ila yazuiwe kukimbilia mlango ulio mpana mno.

Baada ya nta, bakuli huingia ndani ya mfuko wa karatasi, ule wa saruji uliokung'utwa vizuri, au sandukuni pamoja na maranda. Hapa tulikosea tena, na ni vema tuseme. Tulitumia maranda mabichi yaliyotoka katika bakuli lenyewe, tukajaza mpaka juu na kufunga. Ilikuwa masika. Baada ya wiki mbili tulifungua tukakuta ukungu wa kijani na weusi umeingia ndani ya mti, nao hautoki kwa msasa. Siku hizi twachukua maranda yaliyokwisha kuanikwa, na katika wiki mbili za kwanza twabadilisha kila baada ya siku chache. Ukungu ukionekana, ni dalili kwamba hewa haitoshi. Ufa mdogo wa uzi ukionekana, ni dalili kwamba hewa imezidi. Fundi hutembea kati ya mawili hayo, na hakuna kitabu kiwezacho kumwambia kila siku asimame wapi.

Na mahali nako kuna neno lake. Mwaka wa pili tuliomba chumba cha zamani cha kuhifadhia maganda ya kahawa katika chama cha msingi kimoja cha juu, mahali penye ukungu wa asubuhi na kivuli cha migomba. Mabakuli yale yale, ya mti ule ule, yaliyokuwa yakilia usiku huku chini, yalikauka kule polepole, na yaliyopasuka yalikuwa machache. Tangu hapo mabakuli mabichi hupanda mlimani kwanza. Huko hukaa juu ya rafu za fito, yamefudikizwa, mbali na sakafu na mbali na dirisha, kwa miezi mitatu, minne, pengine sita. Watu wa nchi za baridi walikuwa na kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wa ubao. Sisi hatusubiri kiasi hicho, maana bakuli liko wazi pande mbili na nchi yetu ina joto. Lakini mwenye kutaka mabakuli ya Krismasi asituletee magogo mwezi wa Novemba.

Twajuaje kwamba limekauka? Si kwa kuligonga wala kulinusa, ijapokuwa mafundi wazee hufanya yote mawili. Ni kwa mizani. Kila Jumamosi karani hupima kila bakuli na kuandika. Tuseme bakuli liliingia na gramu 1,800. Siku ile ile kipande cha gogo hilo chenye gramu 60 tulikikausha katika joto la kama digrii 103 mpaka kikaacha kupungua, kikabaki gramu 40. Maji yaliyotoka ni gramu 20 juu ya gramu 40 za mti, yaani asilimia 50. Basi bakuli letu lina gramu 1,200 za mti na gramu 600 za maji. Likishuka mpaka gramu 1,560 limefika asilimia 30, na kunywea kwenyewe kwaanza kwa mwili wote. Likifika gramu 1,344 limefika asilimia 12. Asiye na tanuri la kupima hana hasara kubwa: aandike uzito kila wiki, na wiki tatu zikipita bila uzito kubadilika, bakuli limepatana na hewa ya mahali hapo.

Tumesema "ya mahali hapo" kwa makusudi. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huuacha mti katika asilimia 12 hivi. Hewa ya asilimia 80, kama ya pwani kwenye miezi ya mvua au ya chumba chetu cha mlimani, huuacha katika 16. Hewa kavu ya asilimia 30 huushusha mpaka 6. Tulipata somo hili kwa mnunuzi mmoja wa mjini aliyeyaweka mabakuli yetu katika chumba chenye mashine ya kupoza na kukausha hewa. Yaliondoka kwetu yakiwa duara kamili. Baada ya miezi miwili alirudisha sanduku zima, yakiwa yamepinda hata hayakukaa mezani. Hatukuweza kumlaumu. Tulikuwa tumeyamaliza kabla hayajamaliza safari yake.

Ndiyo sababu sasa, uzito ukiisha kutulia mlimani, mabakuli hurudishwa huku chini na kuwekwa wiki kadhaa karibu na bati lile lile lililotupasulia mabakuli ya kwanza. Bati hilo limekuwa rafiki. Joto lililo adui wa bakuli bichi haliwezi kulidhuru lililokwisha kukauka hadi ndani, maana hakuna tena ndani yenye maji ya kushindana na nje. Baada ya hapo ndipo hukerezwa mara ya pili, jembamba na sawa, ili hata likihama nchi lipinde kidogo badala ya kupasuka.

Watu hutuuliza juu ya njia za mkato. Kuchemsha ni njia ya kweli: bakuli bichi huchemshwa kwa saa moja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, kisha hufungwa na kuachwa lipoe taratibu. Hulegeza mivutano ya nyuzi na kuua wadudu. Twaitumia kwa mwembe, ambao usipofanyiwa hivyo bungua huuingia upesi, na kuni zetu ni maranda na vipande vilivyokataliwa. Kuloweka katika spiriti tumekuona kuwa gharama kubwa kuliko faida. Ipo pia dawa iingiayo ndani ya kuta za mti na kukaa mahali pa maji, hata mti usinywee. Ndiyo iliyotumika kwa meli ya Vasa ya Uswidi, iliyozama mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961, ambayo ilinyunyiziwa dawa hiyo kwa miaka 17. Kwa meli ya mfalme yafaa. Kwa bakuli la matunda twashauri mfuko wa karatasi.

Miti nayo ina tabia zake, kama watu. Mringaringa tumeuona kuwa mpole; hukauka bila ugomvi mwingi. Mgrevilea una mistari mizuri ajabu, lakini wataka uangalizi, na vumbi lake huwasha ngozi za watu wengine, kadhalika vumbi la mwembe. Kijana wa mashine avae kitambaa puani na mikono mirefu. Mpingo msituletee kwa kazi hii.

Sasa twafika kwenye deni.

Ufa waweza kuzaliwa mahali patatu: kwa mkulima, gogo likichelewa juani, kwa fundi, bakuli likiwa na kiini au kitako kinene, na ghalani, likikaushwa kwa haraka au kusahauliwa. Kanuni yetu ya sasa huutwika mzigo wote mtu wa kwanza, hata kama alikwisha kuutua salama mlangoni kwetu. Tukiyatazama madaftari ya miaka hii, twaona kwamba hasara nyingi zilikuwa za ghalani, na nyingine zilikuwa za mkono wa fundi. Sisi tumelipwa mishahara yetu kila mwezi. Mwenye mti hakulipwa.

Twaiomba Halmashauri iweke mbele ya mkutano huu shauri lifuatalo. Gogo likifika, karani alikague mbele ya mwenyewe, akate kichwa chake kidogo na kutazama. Likiwa na nyufa, ziandikwe katika stakabadhi na mwenyewe atie sahihi au kidole. Hiyo itakuwa hasara yake, na bei itapungua. Likiwa zima, alipwe malipo ya kwanza siku hiyo hiyo kwa kipimo cha gogo, na malipo ya pili mabakuli yakiisha kuuzwa. Tangu hapo kila ufa uwe wa karakana. Hii si desturi mpya kwa watu wa ushirika. Wazee wetu waliuza kahawa yao kwa malipo ya kwanza na ya pili, na hakuna aliyenyimwa malipo ya kwanza kwa sababu gunia lililowa maji ghalani mwa Chama.

Twajua kwamba maofisa wetu wana hofu mbili, nazo ni za haki. Ya kwanza ni kwamba fedha zitalala nusu mwaka ndani ya mabakuli yaliyo rafuni kabla ya kurudi. Ni kweli. Lakini hata sasa zinalala. Tofauti ni kwamba leo anayesubiri ni mkulima mwenye karo ya kulipa, na kesho atakayesubiri ni Chama chenye akiba benki. Twaomba itengwe akiba maalum ya magogo, na ikiwa ndogo tupokee magogo machache. Afadhali mabakuli 100 yaliyolipiwa kuliko 300 ya kukopa kwa mzee bila kumwambia kwamba tumemkopa.

Hofu ya pili ni kwamba mafundi, wakijua hasara ni ya Chama, watakuwa wazembe. Mjumbe mmoja alitwambia hivyo uso kwa uso, nasi twamshukuru kwa kutotusengenya. Jibu letu ni daftari la mizani. Bakuli likishuka gramu 200 katika wiki moja ya kwanza, kila mtu ataona kwamba liliachwa wazi, na atajua zamu ilikuwa ya nani. Likipasuka huku uzito umeshuka taratibu, tutalifungua na kutazama kitako. Tumekwisha kukubaliana kati yetu kwamba daftari hilo lisomwe kila robo mwaka mbele ya kamati, namba kwa namba, na jina la fundi likiwa pembeni.

Na kuhusu mzee wetu wa migrevilea mitatu, twaomba asingoje kanuni mpya. Kipimo cha magogo yake kimo katika kitabu cha mapokezi cha mwaka ule, na bei yaweza kuhesabiwa leo alasiri. Sisi mafundi tumechanga sehemu yetu, kwa kuwa mikono iliyoyaweka mabakuli yale chini ya bati ilikuwa yetu. Fedha zipo kwa mweka hazina ndani ya bahasha, na sehemu iliyobaki ni ya Chama.

Bwana Mwenyekiti, baada ya chai rafu zitakuwa wazi kwa kila mjumbe. Mizani iko mezani na karani atakuwepo na daftari; chagueni bakuli lolote, mlipime, kisha mtazame kama uzito walingana na ulioandikwa Jumamosi iliyopita. Lile alilolishika mzee siku ile tumelitunza. Liko mwanzo wa rafu ya kwanza, na ufa wake umeelekezwa mlangoni.